Vyombo Vinavyotosha Jiko Dogo

Hapa Kisangani nyumba nyingi za watu wa kawaida hazina jiko. Nenda Mangobo, nenda Kabondo, au vuka mto uende Lubunga: utakuta chumba kimoja au viwili vya kulala, sebule yenye viti vinne, na mbele ya mlango baraza yenye upana wa mkeka. Hapo barazani ndipo tunapopika. Mji wetu uko karibu sana na mstari wa ikweta, tena hakuna mwezi usio na mvua. Basi wingu likija, mama huinua sufuria, mtoto mkubwa huinua moto, wote wakaingia ndani. Jua likirudi, wakatoka tena. Jiko letu ni la kuhamahama kama hema la Waisraeli jangwani.

Tumeona yafaa kuandika juu ya vyombo vya jiko hilo, nanyi msicheke kwamba katekista ameacha katekisimu akashika mwiko. Sababu ni hii. Kazi yetu mojawapo ni kuwafundisha wachumba kabla ya ndoa. Wengi wao wamekwisha kukaa pamoja mwaka wa tatu au wa nne. Tunawauliza: "Ndugu, mbona hamjafunga ndoa kanisani?" Jibu la kwanza ni mahari. Jibu la pili ni karamu. Jibu la tatu husemwa kwa sauti ya chini, tena mara nyingi ni msichana anayelisema: vyombo. Aona haya kuitwa mke wa ndoa nyumbani mwake bila zile sufuria saba zinazoingiana, bila sahani za maua, bila termosi mbili za kuwapa wageni chai. Kijana naye aona haya kuulizwa na mashemeji: "Dada yetu anapikia nini?" Basi wanangoja. Mwaka unapita, mtoto wa pili anazaliwa, na siku ya Jumapili wenzao wanapokwenda kupokea Komunyo, wao wanabaki benchini wakitazama chini.

Ajabu ni hii: siku zote hizo wanazongoja vyombo, wanakula. Tena wanakula chakula kilichopikwa vizuri, maana tumekwisha kukaribishwa. Kimepikiwa katika nini? Sheria ya Kanisa juu ya ndoa tuliisoma seminarini tangu kanuni ya kwanza hata ya mwisho, na ndani yake hatukuona sufuria hata moja. Kwa hiyo tumeanza kuwaeleza wachumba, mbele ya kikombe cha chai, vyombo gani vinatosha nyumba ya chumba kimoja. Mama wa watoto wetu ndiye mwalimu wa kweli katika somo hili. Sisi twaandika tu, na yeye amesahihisha.

Tuanze na moto, maana sufuria bila moto ni kofia ya chuma tu. Sisi twapikia mbabula. Ndugu zetu wa pwani huiita seredani, na watu wa Zambia husema mbaula, kwa hiyo neno letu lina jamaa mbali. Mafundi wetu huitengeneza kwa bati la pipa kuukuu, kwa nyundo na patasi, hata sauti yao husikika tangu asubuhi kando ya soko. Iko na mbabula ya rimu ya gari. Hiyo ni nzito, haipinduki, wala mtoto akijikwaa haiangushi. Lakini inameza makala mengi mno. Katika nyumba ndogo twapendelea ile ya bati, iwe na miguu mitatu mifupi iliyotawanyika, na mdomo usiozidi kitako cha sufuria kubwa ya nyumbani. Mdomo ukiwa mpana kuliko sufuria, moto hupita kando na kupasha joto kuta, na kuta hazili.

Walio na fundi mwelekevu wamwombe atie ndani tumbo la udongo wa kufinyangia. Katika Kenya majiko ya namna hiyo yameenea tangu miaka ya 1980, na ndugu zetu wa Goma wanayafahamu pia. Udongo hushika joto, makala hukaa muda mrefu zaidi, na bati la nje haliunguzi sana mguu wa mtoto apitaye. Katika chumba chenye hatua nne toka ukuta hata ukuta, mguu wa mtoto hupita karibu na moto mara ishirini kwa siku. Mwenye kutaka kununua sahani za maua na anunue kwanza tumbo la udongo.

Makala yenyewe yatupa mashaka. Tazama asubuhi katika barabara ya Buta au ya Ituri: vijana wasukuma baiskeli zilizopakiwa magunia, baiskeli haionekani, waona magunia yanatembea. (Baiskeli hizohizo jioni huwa toleka, na gunia la makala likishushwa hupanda bibi mwenye viatu vya kisigino.) Mengine huja kwa mitumbwi. Yote yametoka msituni, na msitu unazidi kwenda mbali. Huko Yangambi, karibu kilomita 100 kutoka hapa kwa kufuata mto, penye mashamba ya utafiti wa kilimo tangu miaka ya 1930, miaka hii wamepandwa mikasia ili kuni na makala vitoke shambani badala ya kutoka msituni. Ni jambo jema, nasi twawaombea mvua. Lakini mama wa Mangobo hawezi kungoja mti ukue. Yeye hununua makala kwa kifuko kidogo, kwa sababu hana fedha ya gunia. Na kila mtu ajua kwamba anayenunua kwa kifuko ndiye anayelipa ghali. Mwisho wa mwezi amenunua gunia zima na nusu yake kwa bei ya magunia mawili na zaidi, na karo ya mtoto imebaki majivuni.

Tena makala yana ubaya mwingine, nao ni mkubwa kuliko bei. Makala yakiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa yenye sumu. Hewa hiyo haina rangi, haina harufu, haikoozeshi kama moshi wa kuni. Mtu huumwa kichwa, huona usingizi, hulala, basi. Sisi makatekista ndio tunaoongoza sala za matanga, nasi tumesali katika nyumba ambamo jioni mvua ilinyesha, mbabula ikaingizwa ndani, mlango ukafungwa kwa ajili ya baridi au kwa kuogopa wezi, na asubuhi majirani wakabisha hodi bila jibu. Watu wakasema ni uchawi. Si uchawi. Ni makala. Tunawaambia wachumba wetu bila kuzungukazunguka: mbabula hailali na watu. Ikiingia ndani kwa sababu ya mvua, mlango ubaki wazi na dirisha pia. Chakula kikiiva, mbabula itoke, hata kama mvua haijakoma, hata kama makala bado ni mekundu na kuyazima kunauma moyo. Yazimwe kwa majivu au kwa kuyafunika ndani ya bati hukohuko nje. Kesho yatawashwa tena, hayapotei.

Nao moshi wa kuni usidharauliwe kwa kuwa waonekana. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa ulimwenguni kwa sababu ya hewa chafu ya majiko ya nyumbani. Wengi wa wanaovuta hewa hiyo ni akina mama na wale walio migongoni mwao.

Sasa sufuria. Hapa Kisangani twanunua zile zinazosubuliwa na mafundi wetu kwa aluminiamu ya vyuma vikuukuu, wakiimimina katika ukungu wa mchanga. Ni nene, haziunguzi wali upesi, tena zikipata tundu fundi huziziba. Tuseme wazi kasoro yake: katika Kameruni wataalamu walipima sufuria za namna hiyo wakakuta zinatoa madini ya risasi, kwa kuwa vyuma vinavyoyeyushwa vimechanganyika na uchafu wa kila aina. Kwa hiyo chakula chenye uchungu, kama mchuzi wa nyanya au ndimu, kisilale ndani yake. Kiive, kipakuliwe, kiishe. Mwenye kupata sufuria ya chuma cha pua kwa mchuzi, hata ikiwa ndogo, na aichukue.

Sufuria ngapi? Mbili. Moja kubwa ya fufu, wali na maharagwe, nyingine ndogo ya mboga na chai, nayo iingie ndani ya ile kubwa pasipo kushikana, ili usiku zote mbili zikae mahali pa moja chini ya meza. Muhimu kuliko sufuria ya tatu ni mfuniko. Watu wengi hununua sufuria kwa kuitazama tumbo, wala hawajaribu mfuniko wake. Mfuniko unaokaa sawasawa hupunguza makala. Ukigeuzwa ni sahani ya kukatia vitunguu. Ukiwekwa makala machache juu yake hukausha wali. Watu wa pwani huita kazi hiyo kupalia. Huenda mababu zetu waliipata kwao, maana mchele wenyewe uliletwa huku na Waungwana waliofuata misafara ya pwani, wakati wa Tippu Tip, ambaye mwaka 1887 alifanywa wali wa Stanley Falls, yaani mahali hapa petu. Misafara ile ilileta pia machozi na minyororo, hatusahau. Padre Gabriel Grison alipofika mwaka 1897 kuanzisha misioni, Kiswahili na mchele vilikuwa vimekwisha kumtangulia. Injili ikahubiriwa katika lugha iliyokuwa na maneno ya sufuria, mwiko na kinu tayari.

Sababu inayotufanya kusema "mbili" bila kusita si ya fundi wala ya duka. Mwezi wa Juni 2000 majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana ndani ya mji wetu kwa siku sita, tangu tarehe 5 hata tarehe 10. Mamia ya raia waliuawa. Sisi tulikuwa bado watoto. Katika chumba cha nyuma cha nyumba yetu walikusanyika watu kumi na saba, wa jamaa na wa jirani, wote wamelala sakafuni, magodoro yameegemezwa dirishani. Chakula kilipikwa mara moja kwa siku, saa mabomu yanapopumua kidogo, kwa sufuria moja, juu ya mbabula ndogo iliyowekwa karibu na mlango wa uani. Wazee wakataka mlango huo ufungwe kabisa. Bibi yetu akakataa, akaacha nafasi ya upana wa mkono, akasema: "Risasi pengine itatukosa. Hewa ya makala haimkosi mtu." Tulikula wali mweupe wenye chumvi katika mfuniko, watoto kwanza. Hatukumbuki tena siku moja ambayo tulisikia chakula ni kitamu namna ile, wala hatutaki kukisikia tena kwa njia ileile.

Mapigano yalipokoma tukaona watu warudi kutoka vichakani na kutoka misioni. Mama kwa mama, walikuwa wamebeba nini? Sufuria kichwani, ndani ya sufuria chumvi, kisu, kibiriti na kibaba cha mchele, mwiko umechomekwa pembeni, mtoto mgongoni. Hao walikuwa wamechagua vyombo kwa dakika moja, nasi hatujapata bado mwalimu wa unyumba aliyechagua vizuri kuwapita.

Na tangu mwaka 2023 tumeyaona mambo hayo tena. Ugomvi wa Wambole na Walengola kwa ajili ya ardhi uliwafukuza watu wengi kutoka Lubunga na vijiji vya ng'ambo, wakaja kukaa katika sehemu nyingine za mji, familia nzima mahali pa kitanda kimoja. Hatuandiki hapa nani mwenye haki. Tulikwenda pamoja na akina mama wa parokia kuwapelekea kidogo tulichokusanya, mchele, sabuni na nguo. Mama mmoja alishika mchele akashukuru, kisha akauliza kwa adabu kama hatuna mwiko. Siku zile zote alikuwa akisonga fufu kwa mti wa kitanda kilichovunjika, na fufu ilikuwa na mabonge, na watoto walikuwa wamekataa kula. Hatukuwa na mwiko. Mmoja wa akina mama wetu akarudi kwake kwa toleka akaleta wa kwake. Tangu siku hiyo, tukikusanya misaada, miko imo katika orodha, nao wanaume wenye kuchonga wamepata kazi ya Kwaresima.

Mwiko wa jiko dogo uwe mfupi kuliko ule wa matanga, lakini upana wa kiganja. Wengine huchukua wa urefu wa mkono mzima, halafu kiwiko chagonga ukuta na sufuria yapinduka. Kusonga fufu juu ya mbabula ya bati ni hatari hasa: sufuria husukumwa kwa nguvu, miguu ya mbabula huteleza, na uji unaochemka humwagikia aliye karibu. Afadhali kuishusha sufuria chini sakafuni, juu ya kata ya nguo kuukuu, kuishika kwa miguu miwili kama mabibi walivyofanya, na kusonga hapo. Kisu kimoja chatosha. Juu ya kisu hatuna mengine ya kusema, ila kwamba kisu butu hukata vidole vingi kuliko kikali.

Kinu ndicho kilichotupa taabu. Bila kinu hakuna sombe, na bila sombe mtu wa Kisangani ajiona amefunga. Bila kinu hakuna lituma pia, zile ndizi zilizochemshwa zikapondwa hata zikashikamana, ambazo wageni husema ni nzito na baada ya wiki mbili huomba ziongezwe. Lakini kinu hakiingii katika chumba kimoja. Kikiingia, baba alale nje. Tena sauti yake. Kuta zetu ni za matofali mabichi, mchi ukipiga huku, picha ya Moyo Mtakatifu yatikisika kwa jirani.

Dawa yake ni kinu kimoja kwa uwanja mzima. Uwanja wetu una familia tano na kinu kimoja chini ya mwembe. Si mali ya mtu. Kila nyumba ilitoa fungu lake. Kabla yake palikuwa na kinu cha mama mmoja, na kila aliyekihitaji ilimpasa kuazima, na mwenye kuazima mara nyingi huchokwa. Ilifika siku akina mama wawili hawakusalimiana tangu Noeli hata Jumatano ya Majivu, kisa kinu kilirudishwa na mabaki ya sombe ndani, na ndizi za lituma za mwenye kinu zikatoka za kijani. Mambo yakaletwa katika shirika letu, yaani jumuiya ndogo ya Wakristu wa mtaa. Watu wakasoma Injili, wakanyamaza, na hakuna aliyejua la kusema. Ndipo mzee mmoja akasema: "Mchango." Ulikusanywa jioni hiyo. Sasa kuna sheria mbili tu: aliyeponda aoshe kabla hajaondoka, na saa mbili usiku ikipita mchi ulale.

Iko na mashine ya kusaga sombe sokoni, mwenye majani hulipa kidogo na kurudishiwa mboga yake katika dakika chache. Kwa kadiri ya ulimi wetu, sombe ya mashine ni kama matope: imesagika mno, haina cha kutafuna. Lakini mama aliyetoka kuuza samaki tangu alfajiri, mwenye homa ndani ya nyumba, tusimtume kinuni. Neno moja tu kwa wote. Majani ya mhogo yana sumu ndani yake, nayo hutoka kwa kupondwa na kuchemshwa. Kwa hiyo sombe ichemke kwanza sufuria ikiwa wazi, mvuke wake upate kwenda zake, ndipo yaje mawese na samaki na mfuniko.

Chombo tukipendacho kuliko vyote hakiuzwi dukani, wala hakioshwi. Ni majani ya liboke. Wanawake huyaleta kutoka msituni yakiwa yamefungwa matita, mapana, laini, yenye kung'aa upande mmoja. Chukua samaki, awe wa Wagenya kama waweza, wale wanaoshusha nyungo zao kubwa za kutegea kwenye maporomoko ya mto kutoka katika milingoti iliyosimamishwa juu ya mawe. Mtie chumvi, pilipili, kitunguu na nyanya. Mfunge katika majani matatu au manne yaliyopitana, kaza kwa kamba ya ganda la ndizi, laza juu ya makala yaliyokwisha kuwa mekundu, si yale yenye ndimi. Geuza mara moja au mbili. Majani ya nje yataungua, ya ndani yatamwivisha kwa maji yake mwenyewe. Ukifungua, sufuria imekuwa sahani. Ukimaliza, sahani yaenda kwa mbuzi. Nyumba isiyo na bomba, ambapo maji huletwa kichwani, ichunguze vizuri hesabu hiyo.

Tukifundisha habari za Ufufuko, twapenda kuwaonyesha wachumba mahali pale katika Injili ya Yohane, sura ya 21, Bwana anapowangojea mitume ukingoni mwa ziwa. Wamevua usiku kucha, wamechoka, wanateremka pwani, na tazama, moto wa makaa umekwisha kuwashwa, samaki juu yake, na mkate. Aliyeshinda mauti amewapikia wavuvi chakula cha asubuhi. Mwinjili amehesabu samaki wa wavuni hata akaandika ni 153, lakini sufuria hakuitaja, wala sahani. Kijana mmoja wa Tshopo alipolisikia hilo alicheka, akamtazama mchumba wake, akasema: "Basi hata sisi twaweza." Walifunga ndoa Septemba hiyo. Kwenye karamu palikuwa na liboke, na wageni walikaa juu ya mabenchi ya kanisa.

Hatusemi kwamba sufuria saba ni dhambi. Wazazi wakitoa, zipokelewe kwa furaha. Twasema tu zisishike mlango wa kanisa.

Limebaki jambo la kikapu, ambalo mama wa watoto wetu ametuamuru tusilisahau. Maharagwe ndiyo mlaji mkubwa wa makala. Huweza kula kifuko kizima na bado yakabaki magumu. Chukua kikapu kikubwa kuliko sufuria yako. Tandika ndani majani makavu ya ndizi yaliyoshindiliwa, unene wa kiganja, chini na kandokando, na juu yake kipande cha blanketi. Maharagwe yalowe usiku wa Jumamosi, maji yake yamwagwe. Asubuhi yachemke kwa nguvu nusu saa nzima katika maji mapya. Usipunguze hapo, maana maharagwe yasiyochemka vizuri huumiza tumbo. Kisha, yakiwa bado yanatokota, funika, tia sufuria kikapuni, juu yake mto au blanketi lililokunjwa, na usifungue kuchungulia. Moto uzimwe, mbabula ibaki nje, mlango ufungwe kwa ufunguo, watu wote waende Misa.

Misa yetu ya Jumapili, kwa utaratibu ambao Roma iliukubali kwa majimbo ya nchi yetu mwaka 1988, si fupi, maana kuna kuwaita watakatifu na mababu, kuna ngoma, kuna maandamano ya vipaji, na baadaye matangazo, ambayo hayana utaratibu. Baada ya saa tatu au nne mtakuta maharagwe ni laini na sufuria bado yaunguza mkono. Yarudishwe motoni yachemke tena kidogo, pamoja na mawese na kitunguu. Na siku Padre anaporefusha mahubiri, hayaungui.